Rafu ya Chini

Kanuni ya maktaba yetu, hapa Võru, ni fupi:
kibandiko cha njano, kitabu cha mtoto;
cha buluu, cha mtu mzima.
Miaka kumi na tisa nimebandika bila kuwaza,
mpaka lilipokuja sanduku la Leida Kõivistu,
limefungwa kwa kamba ya kufungia nyasi:
vitabu kumi na vinne, na bahasha moja iliyovimba.

Alfabeti ya wanyama wa kinamasi. Njano.
Vitendawili vya jikoni, vyenye doa la siagi. Njano.
Mashairi ya ujane, maneno machache kila ukurasa
kama samani za nyumba iliyokwisha kuuzwa. Buluu.
Utenzi wa kulilaani baraza la mji
kwa kung'oa kituo cha basi cha mtaani kwake,
beti sitini na mbili, kila diwani na fungu lake.
Huo niliushika kitambo. Diwani mmoja ni shemeji yangu.
Buluu.

Ndani ya bahasha, karatasi za kubandika chupa za jemu,
kila chupa na mistari yake miwili:
"Mimi ni plamu wa Agosti.
Ukinifungua Februari, usilie mbele ya wageni."
Maneno ya kaburi la mbwa wa posta.
Hotuba ya harusi ya watu waliokwisha kuachana.
Haya hayana rangi; niliyarudisha bahashani.

Kisha kile chembamba, chenye picha za mkaa:

    Kalunguyeye kapita,
    na theluji haijali:
    "Nani atanikumbata,
    miiba yangu mikali?"

    Bibi katafuta glavu
    na shali ya mama yake;
    "Njoo," kasema, "mwerevu,
    nichome, usiondoke."

Njano, nilisema. Mkono ukagoma.
Maana shali ile naijua.
Imo katika kitabu cha buluu, ukurasa wa thelathini na moja:
Machi, alfajiri, lori linanguruma uani,
mama anatolewa na askari, shali inabaki msumarini,
na mtoto wa miaka sita anajipima nayo kila mwaka
kama wengine wanavyopimwa ukutani,
mpaka mwaka ule isipoburura tena sakafuni.

Nikampigia simu. Sauti kavu, kisu kikimenya viazi.
"Mama Kõivistu, kalunguyeye ni wa nani?"
"Una rafu ngapi?"
"Tano."
"Ya chini kabisa ina nini?"
"Kamusi ambazo haziazimwi."
"Ziondoe, uniweke mimi hapo, mimi mzima.
Mtoto atafikia.
Mtu mzima na ainame, hatavunjika."
Akakata. Sikupata hata kumuuliza ni viazi vya nini.

Hiyo ilikuwa vuli.
Vibandiko vingali drooni; viwili vya njano
nimezibia ufa wa dirisha la chooni.
Na mimi, niliyezoea kuwatambua wasomaji kwa nyuso,
sasa nawatambua kwa visogo:
mchungaji, mwenye duka la rangi, daktari wa meno
aliyesema anatafuta kalamu iliyomdondoka.

Leo, dakika kumi kabla ya kufunga,
Ülo Pihlap, dereva wa lori la magogo,
kaja kumchukulia binti yake kalunguyeye.
Kapiga goti moja. Kisha la pili.
Buti zake zinadondosha theluji juu ya mbao nilizopiga deki,
na ukurasa haugeuki.

Binti mwenyewe, Maarja, miaka tisa,
amekunja miguu kando yake na ule utenzi wa laana,
anacheka hadi pua inakoroma.
"Eti ni kweli," ananiuliza kwa sauti ya uwanjani,
"diwani wa ubeti wa ishirini hulala na kofia?"

"Muulize dada yangu," nikamwambia,
nikairudisha funguo mfukoni.
Babake alikuwa bado chini.